Mraba wa Harwale

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ramani ya malisho ilikuwa imebandikwa ukutani mwa darasa moja mjini Hulugho. Ilikuwa na miraba tisa ya rangi, kila mmoja mpana kiasi cha mwendo wa saa mbili kwa miguu. Setilaiti iliyopiga picha zake haikuona zaidi ya hapo: kona moja ya mraba ingeweza kuwa na nyasi na nyingine vumbi, lakini rangi ikabaki moja.

Mwalimu Saynab aliwapa wanafunzi wa chama cha jiografia kazi ya kwenda mahali hasa, kupima nyasi na kutazama maji. Kwa vipimo vyao, kila mraba ungegawanywa kuwa miraba midogo mia moja.

Ikran wa gredi ya saba alipewa vituo vitatu. Viwili alivifikia. Cha tatu, silanga ya Harwale, bwawa la kukingia maji ya mvua, kilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Aliketi chini ya mgunga akaandika: “Nyasi zipo. Maji yapo.”

“Hukufika wewe,” alisema Hanad, mwanafunzi mwenzake. “Kule udongo ni mwekundu. Viatu vyako vyeupe kama vya bibi harusi!”

“Mraba wote ni kijani. Kwani Harwale iko mwezini?”

Alhamisi ramani mpya ilikuwa tayari, mraba mdogo wa Harwale ukiwa wa kijani. Abti Gelle, kaka wa mama yake Ikran, aliitazama kwenye simu akinywa chai. Kisima chake kilikuwa kimekauka, na mbuzi wake thelathini walikuwa wamebakiwa na nguvu za safari moja tu.

“Hutumi sahan?” mama aliuliza. Hakuna mfugaji aliyehama kabla ya kumtuma sahan, mtu wa kutangulia kukagua malisho na maji.

“Sahan wa nini? Mtoto wetu mwenyewe amekwenda. Wallahi, hata silanga naiona hapa. Si ndiyo, Ikran?”

Ikran alimwongezea chai.

Jumamosi, saa moja asubuhi, simu ya mama ililia. Alikuwa Abti Gelle, aliyefika Harwale na mbuzi wake. Harwale hapakuwa na tone la maji. Mbuzi kumi na mmoja walikuwa wamekufa.

Ikran alikimbia hadi kwa Mwalimu Saynab akamweleza yote. Mwalimu hakumkaripia. Aliwapigia simu wafugaji wengine, na familia mbili zilizokuwa njiani zikageuka. Kisha akatafuta boza, lori la kubebea maji, wakapanda wote wawili.

Walifika saa saba mchana. Waliobaki hai walikuwa mbuzi tisa. Abti Gelle aliwanywesha mmoja mmoja, bila kumtazama Ikran.

“Ulinimiminia chai,” alisema.

Ikran alilia. Mwalimu alisubiri amalize, kisha akampa kalamu.

“Ile ramani ya miraba mikubwa haikujua mengi, na kila mtu aliliona hilo. Ndiyo maana watu walituma sahan. Wewe uliipa uhakika usiokuwa nao, wakaacha kujihadhari. Mahali usipofika, acha nafasi wazi. Nafasi wazi haijaua mbuzi wa mtu. Sasa pima.”

Ikran alitembea kuizunguka silanga yote, akapima, akaandika: “Nyasi hakuna. Maji hakuna.”

Jumatatu, saa mbili asubuhi, ramani iliyosahihishwa ilibandikwa ukutani. Mraba mdogo wa Harwale ulikuwa wa kahawia.