Mwaka Barafu Ilipokataa Kushika

Jumamosi ile ya Februari mwaka 2020, foleni ya samaki katika soko la Hakaniemi ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi, na wote waliokuwa ndani yake walinung'unikia jambo moja. Mvua. Mvua ya Februari, hapa Helsinki, wakati ambao mtu anapaswa kuwa anafukua gari lake kutoka kwenye theluji huku akilaani. Msichana muuza samaki alisema, bila kumlenga mtu, kwamba majira ya baridi ya namna hii hayajapata kuonekana tangu dunia iumbwe.

"Yamewahi," akasema mwanamke mmoja aliyevaa koti la kijani.

"Sabini na nne kuingia sabini na tano," akasema mzee aliyekuwa nyuma yake, wakati uleule.

Mwanamke akageuka. Alikuwa na miaka sitini na saba, nywele fupi zilizokuwa nyeupe pe, na midomo iliyopakwa rangi nyekundu kwa uangalifu. Mzee alikuwa mrefu, kofia ya ngozi kichwani, shingoni skafu iliyofumwa na mtu asiyejua kufuma. Walitazamana mpaka msichana wa samaki akauliza nani anafuata.

"Taisto," akasema mwanamke. "Bado unasimama umepinda mgongo."

"Raili. Na wewe bado unaongea kabla ya zamu yako."

Wakaiacha foleni waliyoisimamia nusu saa, jambo ambalo mtu wa Helsinki halifanyi ila kwa moto au kwa mapenzi. Wakapanda juu kunywa kahawa. Raili alieleza haraka haraka, kama kawaida yake. Tangu mwaka ule wa sabini na tano alikuwa akiishi Borås, Sweden. Aliolewa na Mswidi, wakaachana bila ugomvi, akabaki na binti mmoja na bustani. Dada yake Orvokki alifariki Januari, naye amekuja kufunga nyumba ya marehemu. Kazi imekwisha. Meli yake inaondoka leo saa kumi na moja jioni.

Taisto akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba. Naye akasema yake kwa maneno machache: alioa, mkewe Helvi alikufa miaka sita iliyopita, hawakujaliwa watoto. Kisha akanyamaza dakika nzima, akivunjavunja andazi lake la iliki.

Raili aliuacha ukimya ule upite. Alikuwa ameujua tangu akiwa na miaka ishirini na miwili.

Wakati huo wote wawili walikuwa wameajiriwa na manispaa kwenye uwanja wa barafu uliokuwa nyuma ya shule moja ya mtaa wa Kallio. Taisto alikuwa mtengeneza barafu. Kazi yake ilikuwa kusubiri baridi ya nyuzi tano chini ya sifuri, kisha kumwaga maji uwanjani kwa bomba la mpira, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, mpaka watoto waweze kuteleza. Raili alikodisha viatu vya kutelezea na kuuza juisi ya moto katika kibanda cha pembeni. Lakini mwaka ule baridi haikuja. Desemba mvua, Januari mvua, ndege wakaanza kuimba kabla ya wakati wao. Manispaa haikuwafukuza kazi, maana kesho huenda ikagandisha. Basi kila siku kuanzia adhuhuri walikaa ndani ya kibanda, jiko likiwaka, viatu mia moja na ishirini vikining'inia ukutani bila mtu wa kuvivaa, wakicheza karata. Raili na kofia yake ya rangi ya chungwa na suruali pana chini. Taisto na ovaroli ya buluu ya manispaa. Alimjua Raili kwa kicheko kwanza, baadaye kwa wizi wa karata. Kama theluji ingeanguka vizuri mwaka ule, wasingesemeshana zaidi ya salamu.

Siku moja ya Desemba, Taisto aliweka karata mezani, masikio yamemwiva.

"Kuna jambo nataka kukuambia," akasema. "Siku ya kwanza barafu ikishika, tutateleza sisi wawili kabla ya watoto kuja. Nitakuambia pale."

"Niambie sasa."

"Sasa hapana."

"Na barafu isiposhika?"

"Itashika," akasema Taisto.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Raili alikuwa amemfungulia mlango, yeye akadhani anaulizwa habari za hali ya hewa. Lakini mtu aliyefundishwa kazi ile alijua jambo moja kuliko yote: ukimwaga maji kabla ya wakati, unapata uji, na uji ukishaganda vibaya, uwanja wote umeharibika. Akasubiri. Wanasema subira huvuta heri, ila hawasemi huivuta mpaka lini.

Orvokki, dada mtu, yeye hakuwa na subira hiyo. Alimwambia Raili kwamba mwanamume anayekupenda haangalii kipimajoto. Mwaka ule nusu ya vijana wa mtaa walikuwa wakienda Sweden kufanya kazi viwandani, na kiwanda cha nguo kilikuwa kinatafuta wasichana. Februari Raili akaaga kibandani. Taisto akamtakia safari njema, akamshika mkono. Basi.

Sasa, juu ya soko, Raili akasukuma kikombe pembeni.

"Nimeishi na swali hili miaka arobaini na mitano, Taisto. Nimelipikia, nimelifulia nguo, nimelala nalo kitanda kimoja na mume wangu. Ulitaka kuniambia nini?"

Taisto akatazama dirishani, mvua ikichuruzika kwenye kioo.

"Barafu haijashika," akasema.

Raili alianza kucheka, kisha akaona kwamba hakuna mzaha. Mzee huyu alikuwa bado yumo ndani ya ahadi yake. Hasira ikampanda, ile ya zamani, mbichi kabisa. Akamwambia yeye si uwanja wa barafu wa kumwagiwa maji kwa ratiba. Alikuwa amedhani anakwepwa, kwamba barafu ni kisingizio cha mwoga. Kama Taisto angesema neno moja tu siku ile ya kuagana, Raili angelishusha sanduku lake palepale.

"Mimi nikadhani umenichoka," akasema Taisto. "Mtu anayetaka kusubiri husubiri."

"Na anayetaka kusema husema, bwana wee."

Wakatoka nje na ugomvi wao. Hakuna aliyependekeza, lakini miguu iliwapeleka ule uwanja, dakika kumi kupanda mlima. Kibanda hakipo tena. Uwanja wenyewe ulikuwa tope tupu na vidimbwi, na mbwa mmoja aliyekuwa akifurahia. Mbali kidogo mji umejenga uwanja wenye mabomba ya kugandisha chini yake. Raili akauliza kwa nini wasiende huko yakaisha. Taisto akasema ile si barafu, ni friji.

Kisha akasimama katikati ya tope, akavua kofia, mvua ikampiga upara.

"Ilishika," akasema.

"Nini?"

"Siku ya pili baada ya kuondoka kwako. Alfajiri ilikuwa nyuzi saba chini ya sifuri. Nilimwaga maji tangu saa kumi na moja, mikono ikawa haisikii. Saa tatu asubuhi ilinibeba. Nikateleza peke yangu, nikazunguka mara moja. Saa sita mvua ikaja ikaiyeyusha yote. Sikuwaruhusu watoto waikanyage, Raili. Ndilo kosa langu la pekee kazini kwa miaka thelathini na nane."

Machozi yalimtoka Raili bila kuomba ruhusa, na hakuyafuta. Wakati huohuo simu ikalia mkobani. Alikuwa Annika, binti yake, akiuliza kama amekwisha fika bandarini.

"Bado," akasema Raili. "Niko kwenye tope na mwanamume."

"Mama. Una miaka sitini na saba."

"Ndiyo maana sina muda. Nitakupigia."

Akazima simu na kumgeukia Taisto. "Sema. Barafu ilishika, umesema mwenyewe. Ulitaka kuniambia nini?"

Masikio ya Taisto yakaiva, kama ya kijana.

"Kwamba nimepata chumba na jiko, mtaa wa pili. Niliandikisha majina mawili kwenye maombi. Sikukuuliza kwanza, nikaona haya. Na kwamba nakupenda. Hilo lingekuja mwisho, kama ungecheka."

"Nisingecheka," akasema Raili. Kisha akajirekebisha, maana hapendi uongo. "Ningecheka, halafu ningekubali."

Walisimama pale, mvua ikiwalowesha. Saa tisa na nusu. Taisto alikuwa na la kuuliza na aliliona likimjia, akaanza kulizungusha: kwamba leo Raili atakuwa amechoka na safari, kwamba majira ya kuchipua hali itakuwa nzuri, pengine mwezi wa tano wangeweza kuandikiana.

"Taisto," akasema Raili taratibu. "Unasubiri nyuzi ngapi safari hii?"

Mzee akafunga mdomo. Alimtazama uso wote, midomo nyekundu, mikunjo, wanja wa macho uliochanganyika na machozi, na kwa mara ya kwanza maishani hakutazama juu mbinguni kuona kunaendaje.

Ili asafiri naye, Taisto alihitaji dakika ishirini nyumbani kwake. Maua akayakabidhi kwa jirani, pamoja na ufunguo, na jirani alishangaa mpaka akasahau kuuliza. Alirudi na mfuko wa plastiki wa dukani: mswaki, soksi, shati, dawa za presha. Kwenye tramu, Raili aliushika mkono wa Taisto uliokuwa baridi na kuuweka ndani ya mfuko wa koti lake la kijani, na ukakaa humo mpaka bandarini.

Kwenye dirisha la tiketi kijana alimuuliza Taisto kama anataka ya kwenda na kurudi. Raili akasogea pembeni, akajifanya anasoma ratiba ya meli. Alikuwa amesema ya kwake yote, hili lilikuwa la Taisto mwenyewe.

"Ya kwenda tu," akasema Taisto, bila kunyamaza hata kidogo.