Gari la Marehemu Linalosogea

"Mama Mwikwabe, nani ameliendesha gari lenu alfajiri hii, na injini haikusikika?"

Jirani yangu Zaitun aliniuliza hivyo akiwa upande wa pili wa ua. Anauza vitenge hapa Nkende, na huamka mapema kuswali. Jana yake mwanangu Mwikwabe aliegesha Noah ya marehemu baba yake kando ya lango. Sasa ilikuwa hatua nne mbele, imelielekea jiko. Humo mkwe wangu Nyangi humwogesha mtoto kila asubuhi.

Milango ilikuwa imefungwa. Funguo nilizilalia mimi.

Siku ya pili, hatua sita. Nikasali.

Shemeji yangu Filemoni akaja. "Kaka anarudi nyumbani," alisema. "Msiweke jiwe kwenye tairi. Mtamfungia njia. Leteni mbuzi."

Hatukuweka jiwe. Siku ya tatu gari lilikuwa limegusa ukuta wa jiko. Nyangi alitoka na mtoto amelowa, anatetemeka.

Nikamuuliza Mwikwabe, "Gari hili lilikaguliwa lini?"

"Mama, kadi ya gari iko benki. Baba aliliweka rehani. Ukaguzi ni kazi yao."

Zaitun, aliyekuwa akitusikia kutoka ng'ambo ya ua, alicheka. "Benki imeshika kadi, mwanangu. Haijashika breki. Lori letu nalo lilikuwa rehani, na tulilipeleka kila muda wa ukaguzi ulipofika. Anayeliingiza barabarani ndiye anayelipeleka. Waombe benki nakala ya kadi na barua."

Benki walitupatia. Tukaliendesha gari polepole hadi kwa askari wa usalama barabarani, Afande Bernadetha. Aliniamkia, "Shikamoo mama," kisha akaangalia taa, matairi, mikanda. Mwisho akaliweka gari kwenye mteremko mdogo, akavuta breki ya mkono, akashuka.

Tukasimama. Gari nalo likasimama.

Halafu likaanza kwenda. Hakuna mtu ndani, hakuna sauti. Mwikwabe akanishika mkono kama alipokuwa mdogo.

Afande aliingia, akalisimamisha. "Waya wa breki ya mkono umelegea," alisema. "Unashika kidogo, kisha unaachia. Na huku chini bomba la breki linavuja. Ua wenu una mteremko?"

"Kidogo," nilisema.

"Kidogo kinatosha. Livuteni hadi kwa fundi. Likitengenezwa, lirudi nilione tena."

Tulifanya hivyo. Mara ya pili likapita, likapewa stika. Mwikwabe akaandika ukutani tarehe ya ukaguzi unaofuata.

Wiki nzima gari halikusogea. Nyangi akarudi jikoni na mtoto wake.

Jumamosi Filemoni alikuja kuuliza habari za mbuzi. Nilimweleza yote. Alilisukuma gari kwa mabega yake, mara mbili. Lilitulia.

"Sasa kaka amekwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yuko kaburini, shemeji. Tangu Februari. Mungu amempumzisha."

Alinitazama, akachukua kofia yake, akatoka.