Vifungo Nilivyovishona Mimi

Kila tulipotoka shule, mimi na mdogo wangu tulipita kwenye chumba cha kushonea cha baba. Baba alikuwa fundi nguo, nasi tulimsaidia kushona vifungo vya sare kwa mkono. Mdogo wangu alikuwa na miaka saba. Wateja walimpachika jina la Cherehani, maana akianza kuongea hasimami mpaka uzi ukatike.

Mwaka huo mambo yakaanza kwenda mrama. Cherehani alijikwaa pasipo na kitu. Alitafuta maneno aliyoyajua tangu zamani, na vifungo vyake vilikaa upande. Baba hakuwa na mchezo na kazi mbovu, nami nilimhurumia mdogo wangu. Baba alipoinuka kumpima mteja, nilivifumua vifungo vile na kuvishona upya haraka haraka. Kisha baba alivivuta kwa kidole na kusema, "Huyu mtoto ana mkono mzuri." Nikajiona mjanja kweli.

Siku moja Cherehani alianguka mara tatu darasani. Baba akatupeleka hospitali.

"Kazi ndogondogo za vidole anaziweza?" daktari wa watoto aliuliza.

"Anaziweza sana," baba akajibu kwa fahari. "Vifungo anashona kunishinda hata mimi."

Daktari akaandika, akasema huenda ni macho tu. Apimwe macho, kisha tumrudishe baada ya miezi sita. Nikisema, baba atajua nimemdanganya muda wote huo. Nikinyamaza, mdogo wangu atarudi nyumbani na ugonjwa wake.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Vile vifungo nilishona mimi. Yeye hawezi tena tangu muhula uliopita."

Baba alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Daktari aliweka kalamu chini.

"Alikuwa anaweza, na sasa hawezi?" akauliza. "Umefanya vizuri kusema. Hapo pana jambo kubwa kuliko macho."

Vipimo vya damu na picha ya ubongo vilichukua majuma kadhaa. Ulikuwa ugonjwa adimu wa kurithi, unaodhoofisha ubongo kidogo kidogo. Mama alilia, akauliza amekosa nini.

"Hamjakosa chochote," daktari akamwambia. "Wewe na baba yake, kila mmoja amebeba kasoro ndogo isiyomsumbua. Mtoto amezirithi zote mbili. Si laana, wala hauambukizi. Dawa ya kuuponya bado hatuna, lakini kule kuanguka ni kifafa, na hicho tunaweza kukituliza."

Sasa Cherehani haanguki ovyo. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi wenzake ukweli, na siku hizi wanagombania kukaa naye. Anaongea polepole, lakini bado ananitania, nami nashukuru kwa kila siku anayonitania.

Jana, tukiwa kazini, baba alisimamisha mashine yake.

"Mwanangu, ulimficha kwa mapenzi, lakini ungetuchelewesha sana," akasema. "Ukimpenda mgonjwa, usimfichie ugonjwa wake. Nakushukuru kwa kusema siku ile."

Cherehani naye akafungua mdomo, akatafuta neno. Hakuna aliyemsemea. Mimi na baba tulingoja mpaka akalipata mwenyewe.

"Asante, dada."