Kidoti na Mwenza Mweupe

Kila siku akitoka shule, Kidoti alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishona nguo za watu. Huko alikuta sindano zimechomekwa kwenye kijimto, zikimsubiri yeye azitunge uzi. Mama alikuwa fundi hodari, lakini kutunga uzi kulimchosha.

"Macho ya huyu mtoto ni mali," mama alizoea kuwaambia wateja wake. "Mimi nikihangaika na sindano moja, yeye ameshamaliza tatu."

Jina la Kidoti lilitokana na alama ndogo nyeusi kando ya pua yake. Hata walimu walimwita hivyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa na mdogo wake wa miaka mitano ambaye nyumbani walimwita Bosi, kwa kuwa alimpangia kazi kila mtu, hata wageni.

Sindano zikishatungwa, Kidoti alikimbilia duka la vitabu mtaa wa pili. Mwenye duka, ambaye watoto wote walimwita Shangazi Vitabu, alikuwa amebandika karatasi kwenye kioo cha dirisha: ZIMEBAKI SIKU KUMI NA MBILI. Kila jioni aliibandua na kubandika nyingine.

Watoto walizihesabu siku hizo kwa sababu ya *Mwenza Mweupe*, hadithi ya manga, yaani zile katuni za Kijapani zinazosomwa na nusu ya darasa lao. Safari hii kilichokuwa kikitoka hakikuwa kijitabu cha kawaida. Kilikuwa kitabu kikubwa cha michoro, chenye jalada gumu, kila nakala na namba yake. Mji mzima ulikuwa umepangiwa nakala nane tu. Jina la Kidoti lilikuwa la sita kwenye orodha.

"Kuna michoro ambayo haijawahi kutoka popote," alisema Profesa, mwanafunzi mwenzake, aliyeijua hadithi hiyo kuliko jina la mtaa wake. "Wanasema katika ukurasa wa mwisho Mwenza anaonyesha uso."

Katika hadithi hiyo, Mwenza ni kiumbe cheupe kinachosimama nyuma ya mtu, kikifuata kila anachofanya. Mtu mwenye Mwenza hutoweka kabla ya siku saba kuisha. Na yupo mmoja tu anayeweza kumwona. Huyo haruhusiwi kusema. Akisema, Mwenza humwacha yule wa kwanza na kumgeukia yeye.

Wiki moja baadaye, Kidoti alimwona.

Ilikuwa kipindi cha mwisho. Mwalimu wa hesabu alisimama mlangoni, mwanga wa jua ukiwa nyuma yake. Ghafla Kidoti akaona mtu mwingine nyuma ya mwalimu, mweupe, hafifu kama mvuke, amejitokeza kidogo juu ya bega la kulia. Mwalimu alipoinua mkono, yule naye aliinua mkono. Mwalimu alipogeuka, yule naye aligeuka.

Kidoti akafikicha macho. Ilikuwa tabia yake. Mwaka mzima yalikuwa yakimwasha, naye aliyafikicha kwa ngumi mpaka yawe mekundu. Alipoyafungua, yule mweupe alikuwa bado yupo.

"Kidoti, una nini?" mwalimu aliuliza.

"Sina kitu, mwalimu."

Aliyasema maneno hayo mara nyingi siku zilizofuata. Alimwona Mwenza nyuma ya mlinzi wa shule. Akamwona nyuma ya muuza mkaa. Kila jua lilipoanza kupungua, ndipo weupe ule ulipozidi kukolea, na njia ya kurudi nyumbani ikajaa watu waliofuatwa na wenzao bila kujua. Kidoti alitembea akiangalia vidole vyake vya miguu.

Kwa nini hakusema? Aliogopa ile sheria ya hadithini, hilo ni kweli. Lakini palikuwa na sababu ya pili, na hiyo aliionea aibu. Mama aliwahi kumwambia, "Siku nikisikia macho yanakuuma kwa ajili ya hivyo vikatuni, hicho kitabu chako usahau." Sehemu moja ya moyo wake ilikuwa ikinong'ona kwamba tatizo ni macho. Naye aliifunga mdomo sehemu hiyo. Kitabu kilikuwa kimebakiza siku tatu.

Nyumbani mambo yakaanza kwenda mrama. Alipoishika sindano, aliona mbili zimelaliana, na uzi ukapita pembeni. Akajifunza kupapasa tundu kwa ncha ya kidole. Akajichoma.

"Mbona leo umechukua muda mrefu?" mama akauliza.

"Uzi huu mbovu, mama. Umefumuka."

Mama akabadilisha uzi. Kesho yake Kidoti akasema sindano ndizo mbovu. Mama akamtazama kidogo, lakini mteja akaingia na mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa jioni, karatasi ya dirishani iliandikwa KESHO. Kidoti alirudi mbio, amesahau hofu yake kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alipoingia uani, Bosi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, taa ikiwaka nyuma yake.

"Umechelewa," Bosi alisema, mikono kiunoni. "Eleza."

Juu ya bega lake la kulia palikuwa na kichwa kingine, cheupe, kimeinama kana kwamba kinamnusa nywele.

Kidoti hakula usiku huo.

Jumamosi asubuhi mama alifunga sare alizokuwa amemshonea mteja wa ng'ambo ya pili ya mji. "Nakwenda kuzipeleka," alisema. "Shangazi Vitabu anagawa kuanzia saa nne mpaka saa sita, siyo? Nenda na mdogo wako, umshike mkono barabarani."

"Sawa, mama."

Asiyefika hadi saa sita, jina lake lingekatwa na nakala yake kupewa anayefuata. Kidoti alilijua hilo. Lakini mama alipoondoka tu, alimwita Bosi, akamwambia waende wakaone kitu katika stoo ya vitambaa. Bosi akatangulia. Kidoti akamfungia kwa nje, akaketi sakafuni, mgongo wake ukiegemea mlango. Leo Bosi hatatoka. Hatavuka barabara, hatapanda ukuta, hatapatwa na lolote. Atamlinda hapo hapo mpaka siku saba zipite, ikibidi.

"Fungua!" Bosi aliupiga mlango mateke. "Nitakufukuza kazi!"

"Nyamaza, Bosi. Ni kwa faida yako."

Bosi alilia, akakohoa, akalia tena. Kisha akanyamaza. Ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko kilio. Nyumba nzima ilitulia, na mashine ya kushonea iliyofunikwa shuka ilionekana kama mtu aliyejikunyata.

Dirisha likagongwa. Alikuwa Profesa, anahema, kitabu kikubwa kimekumbatiwa kifuani.

"Kidoti! Unafanya nini? Nimekipata! Zimebaki mbili tu, Shangazi anakuulizia! Kimbia!"

Kidoti alimtazama kupitia dirishani. Palikuwa na Profesa wawili, mmoja wa rangi na mmoja mweupe. Palikuwa na vitabu viwili.

"Nenda tu," alisema.

"Unaumwa?"

"Nimesema nenda!"

Profesa akaondoka akigeuka nyuma kila hatua. Machozi yakamtoka Kidoti, akayafikicha. Kwa mbali alisikia saa ya ukutani ikigonga, naye hakuhesabu.

Ndipo sauti ndogo ikatoka chini ya mlango, karibu kabisa na sikio lake. Haikuwa ile ya kutoa amri.

"Dada," Bosi alinong'ona. "Huku ndani kuna mtu."

Kidoti akainuka. "Mtu gani?"

"Amesimama. Hana kichwa."

Miguu ya Kidoti ilitaka kukimbilia barabarani. Lakini mikono yake ilikuwa tayari kwenye kitasa. Akafungua. Mwanga ukaingia stoo, akamwona Bosi amejibanza kwenye marobota, na yule mweupe wake begani. Nyuma yao alisimama mwingine, mrefu, bila kichwa wala mikono. Naye alikuwa na Mwenza wake.

Kidoti akapiga ukelele ambao majirani walisimulia wiki nzima. Akamvuta mdogo wake kwa mkono, wakaanguka pamoja nje ya mlango, na hapo hapo mama akaingia, kitambaa cha kufungia sare bado mkononi.

"Kuna nini? Kuna nini humu?"

"Usiende, mama! Yupo nyuma ya Bosi! Yupo nyuma yako pia! Na sasa nimesema, atanigeukia mimi!"

Mama hakuuliza swali la pili. Alipita juu yao, akaingia stoo, akatoka amelibeba sanamu lake la kupimia nguo, lile la mbao na kitambaa, ambalo alilihifadhi humo tangu lilipopata ufa mguuni. Akaliweka sebuleni. Kisha akaketi sakafuni, akampakata Bosi, akamvuta Kidoti upande wa pili.

"Haya. Nieleze taratibu. Nani ana huyo mtu nyuma yake?"

Kidoti akaeleza yote, kuanzia mwalimu wa hesabu. Alieleza kwa kwikwi, akisubiri kugombezwa. Mama alisikiliza tu.

"Na hili sanamu je? Nalo linaye?"

Kidoti akachungulia. "Linaye."

"Na ile taa?"

"Nayo."

"Na mlango?"

Kidoti akaukazia macho. Hakuwahi kujiuliza kuhusu milango. "Nao una... una ukingo mweupe."

Mama alinyoosha mkono kwenye kopo la vifungo, akachagua kimoja cheupe cha shati, akakiweka juu ya kitambaa cheusi.

"Kina matundu mangapi?"

Kidoti akahesabu kwa makini. "Manane, mama."

Uso wa mama ulibadilika. "Mwanangu," alisema polepole, "nimeshona miaka kumi na tano. Sijawahi kuona kifungo cha matundu manane. Hiki kina manne."

Jumatatu, badala ya kwenda shule, Kidoti alikaa kwenye kiti kirefu katika chumba chenye giza. Daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimvalisha fremu nzito ya chuma, akawa anaingiza vioo na kuvitoa.

"Hivi ni bora, au hivi?"

"Hivi."

"Sasa mtazame mama yako."

Mama alikuwa amesimama pembeni, na yule mweupe amemwegemea begani. Daktari akakizungusha kioo kidogo. Taratibu, bila kelele, yule mweupe akasogea, akasogea, mpaka akaingia ndani ya mama na kutoweka. Akabaki mama mmoja, mwenye mikunjo ya uchovu kando ya macho, mikunjo ambayo Kidoti hakuwa ameiona kwa miezi.

"Sehemu ya mbele ya jicho inatakiwa iwe mviringo kama mpira," daktari alieleza. "Yako imevutika kama yai. Mwanga ukiingia hautui mahali pamoja, ndiyo maana unaona kitu na kivuli chake cheupe. Huwa unayafikicha macho?"

"Yananiwasha, daktari. Mwaka mzima sasa."

"Kuyafikicha ndiko kunakoyaharibu zaidi. Nitakupa dawa ya matone ya kuzuia muwasho, na miwani. Kusoma katuni si kosa, ila soma penye mwanga." Akavua glavu. "Ungefikicha na kunyamaza mwaka mwingine, miwani peke yake isingekusaidia."

Kitabu kilikuwa kimekwenda kwa wa tisa kwenye orodha. Shangazi Vitabu alisema anasikitika, lakini sheria ni sheria, na Kidoti hakubishana. Siku miwani ilipokuwa tayari, Profesa alikuja na nakala yake, akaulizia sabuni ya kunawia mikono kabla ya kumruhusu mtu kuigusa. Wakaifungua juu ya meza ya kukatia vitambaa, ukurasa kwa ukurasa, hadi ule wa mwisho wenye uso wa Mwenza. Kidoti aliona mistari midogo kama unywele, na kila mstari ulikuwa mmoja.

Profesa alipoondoka, Kidoti alimwendea Bosi, ambaye tangu Jumamosi alikuwa hapiti karibu na stoo.

"Nisamehe kwa kukufungia. Nilidhani nakulinda."

Bosi alimtazama kwa mashaka. Jua lilikuwa linazama, mlango uko wazi nyuma yake, na chumba kimeanza kujaa giza. "Yule mtu wangu," aliuliza kwa sauti ndogo, "bado yupo?"

Kidoti akaisukuma miwani juu ya pua, akamkagua kutoka nywele hadi kucha. "Hayupo. Upo wewe tu."

"Angalia tena."

Akaangalia tena.

Mama alisimamisha mashine. "Kidoti, mimi nilikosea kukutisha na habari za kitabu, na sitarudia. Lakini na wewe sikia. Mwili wako ukibadilika, jicho, sikio, tumbo, chochote, sema siku hiyo hiyo. Sema hata kama unaona aibu. Sema hata kama unajua nitakugombeza, maana mimi nikigomba huwa nimesahau kufikia jioni. Uliona jambo la kutisha ukalibeba peke yako wiki nzima, nalo likakua. Nilipolisikia mimi, tulihitaji kifungo kimoja tu."

"Ndiyo, mama."

Mashine ikaanza tena kunguruma. "Na siku ukimwona mwingine," mama akasema bila kuinua kichwa, "wa kwanza kuambiwa niwe mimi."