Nusu Dola ya Orville

Siku ya tatu harufu ya dawa ya kung'arishia fedha ilikuwa bado sebuleni, ingawa Geneva alikuwa amefungua madirisha yote na kufua kitambaa alichosugulia mara mbili.

Alikuwa amesugua kitu kimoja tu: sarafu ya kumbukumbu ya nusu dola, mali ya marehemu mumewe, Orville, iliyofubaa kama jivu. Jumapili jamaa wangekuja kula, mwaka mmoja tangu mazishi, naye alitaka kuiweka mbele ya picha yake. Angeiwekaje chafu? Akaisugua kama anavyosugua uma za sikukuu, mpaka ikawaka.

Siku ya nne, saa saba mchana, akasikia kitambaa kikisugua kioo. Shwa, shwa, shwa. Hapakuwa na mtu. Lakini kwenye picha ya harusi mashavu ya Orville yalikuwa yamepauka.

"Jua hilo, Mama," bintiye Darlene alisema.

"Jua gani limuunguze yeye, mimi niliye ubavuni liniache?"

Tangu hapo ilikuja kila mchana, harufu kwanza kisha sauti, kutoka picha moja hadi nyingine, ikipanda ngazi bila kukanyaga, na kila ilipopita pua ya Orville ilififia, kisha nyusi, kisha macho, mpaka Darlene mwenyewe akampigia simu Bwana Lukens, muuza sarafu aliyekuwa rafiki wa Orville miaka thelathini.

Lukens alikuja, akaitazama sarafu, akaketi kati ya Geneva na Darlene.

"Bi Geneva, umeisugua?"

"Ilikuwa chafu."

"Haikuwa chafu. Zilipigwa chapa chache mno hizi, zikapulizwa mchanga mwembamba zisimeremete. Kule kufubaa ndiyo ngozi yake. Orville hakukwambia?"

"Aliniambia nisiiguse. Orville alinikataza hata redio yake! Ningejuaje?"

Lukens nusura acheke. Shwa, shwa, ikatoka ukumbini. Wote watatu waliisikia.

"Irudishe ilivyokuwa," Geneva alinong'ona. "Nina picha kumi na moja tu. Sina pengine pa kumwona."

"Hairudi, dada. Kilichosuguliwa kimekwenda."

Akaifunga sarafu ndani ya leso, akaondoka nayo. Kabla gari halijawaka, harufu ilikuwa imetoka na nyumba imetulia. Wakageukia picha. Suti ilikuwepo, na mkono begani mwa Geneva ulikuwepo. Juu ya kola palikuwa laini, panang'aa kama mgongo wa kijiko.

"Si kitu, Mama. Sisi tunamkumbuka."

Geneva akafumba macho. Akaitafuta ile sura.

"Darlene. Alikuwa na masharubu?"

Darlene akafungua mdomo haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akaufunga, akaanza kulia.