Mwenye Nyumba Aliyeacha Kupiga Hodi

Tulieni kidogo, ndugu zangu, hasa ninyi mliojaliwa vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Na wewe mpangaji usiondoke, maana ukuta ukianguka hauulizi nani mwenye hati.

Alikuwepo fundi cherehani mmoja mstaafu, mtaa mzima ulimwita Mama Vyumba. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba sita, si mbali na alipoishi yeye. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda huko na jembe dogo begani, akipiga hodi mlango hadi mlango.

"Wanangu, mmeamkaje? Nani kavunja kitasa changu tena?"

"Mama Vyumba kaja kukagua vitanda!" seremala wa chumba cha kwanza alimtania.

"Vitanda vyenu vina kunguni. Nakagua kuta zangu."

Kisha alizunguka nyuma kuzibua mfereji. Nyumba ile imekaa bondeni, na maji yote ya mlimani hushukia pale. Mumewe aliuchimba mfereji huo kwa mikono yake, na mchanga ukiujaa, maji hayana pa kwenda ila kwenye ukuta.

Siku zilikwenda hivyo kwa amani, mpaka magoti yakaanza kumgomea. Ndipo binti yake akamletea dalali, bwana mmoja asiyevua tai hata jua likiwaka, ndiyo maana watu walimwita Bwana Tai.

"Mama, mwenye nyumba wa siku hizi haonekani," alisema. "Wapangaji wakikuzoea wanakupanda kichwani. Wewe pumzika, kodi itakufuata kwenye simu. Sharti langu moja tu: usikanyage tena kule. Ukija wewe, mimi nitaonekana sina kazi."

Mama Vyumba alimkabidhi funguo zote. Mfereji hakuutaja. Si kwamba alificha. Kwake kuzibua mfereji kulikuwa kama kunawa uso, nani huambiwa anawe uso? Naye Bwana Tai hakuuliza.

Sisemi madalali wote ni wabaya. Nimepanga vyumba katika miji mingi na nimekutana na waungwana. Lakini sikilizeni.

Mvua zilipokuwa zimekolea, Mama Vyumba alikwenda zahanati kutafuta dawa ya magoti. Muuguzi aliyekaa pale alikuwa mpangaji wake wa chumba cha mwisho, binti aliyezoea kumkumbatia. Siku hiyo hakuinua hata macho.

"Jina?"

"Jina? Leo hunijui, mwanangu?"

"Nakujua, mama. Nilidhani wewe ndiye umetusahau. Bwana Tai alituambia umehamia mbali, na ukipigiwa simu unakasirika."

"Mimi? Hata paka wangu hajahama!"

"Basi nani karuhusu kibanda cha matairi kule nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Juu ya mfereji. Wenye matairi waliufukia kwanza, wakajenga. Sasa ukuta wa chumbani kwangu umevimba kama shavu lenye jino bovu. Nikimpigia dalali, ananiambia nisogeze kitanda."

Mama Vyumba aliinuka.

"Na mtoto wako yuko wapi sasa hivi?"

"Amelala humo chumbani. Mdogo wangu yuko naye."

Aliondoka bila dawa. Magoti yaliuma, akayaacha yaume. Alipofika alikwenda moja kwa moja chumba cha mwisho, akaweka kiganja ukutani. Ulikuwa umelowa chapachapa, na ufa umeshuka kutoka juu hadi sakafuni kama mshono unaofumuka. Mshono wa namna hiyo aliujua: ukianza kuachia, haurudi.

"Tokeni! Wote tokeni!"

"Mama, mvua hii, na mtoto ana mafua!" mdogo wa muuguzi alilalamika.

"Mafua yana dawa, mwanangu. Nipe huyo mtoto."

Alimfunika kwa mtandio wake na kutoka naye. Seremala alitaka kurudi kuchukua redio. Mama Vyumba alimvuta shati mpaka vifungo vikaruka. Wote walikuwa wamejibanza chini ya paa la jirani, ndipo Bwana Tai akatokea na mwavuli.

"Mama, tulikubaliana nini? Unanivunjia heshima mbele ya wateja!"

Kabla hajajibiwa, ukuta wa nyuma ulilegea kama mtu aliyechoka kusimama, ukalala chini. Matofali yalifunika kitanda cha mtoto.

Muuguzi alifika akikimbia, sare yake imeloa. Alipoona kitanda, aliyavamia matofali kwa mikono.

"Mwanangu!"

Mama Vyumba akafunua mtandio. Mtoto akapiga chafya kubwa mpaka akajishtua mwenyewe. Hapo watu walicheka na kulia kwa pamoja, na muuguzi akawakumbatia wote wawili.

"Nilipowapangishia wenye matairi, sikujua mfereji ule una kazi gani," Bwana Tai alisema, sauti imempungua.

"Kweli hukujua. Mimi sikukwambia, na wewe hukuuliza. Hapo tumekosa sote. Lakini kuwaambia wanangu nimehama, hilo ulijua. Lete funguo."

Kibanda kilibomolewa, mfereji ukachimbwa upya, ukuta ukasimama. Magoti hayakupona, kwa hiyo Mama Vyumba alitafuta dalali mwingine, mama mmoja mcheshi. Kazi yake ya kwanza haikuwa kukusanya kodi. Ilikuwa kushika jembe Jumamosi, huku Mama Vyumba amekaa kwenye kigoda alichotengenezewa na seremala, akimwonyesha pa kuchimba.

"Na kunguni wapo?" anauliza bado.

"Walihama, mama!" seremala humjibu. "Walisikia unarudi."

FUNZO

Ndugu zangu, kuweka dalali si kosa, na kusimamia nyumba mwenyewe si ushamba. Mwenye nguvu na nafasi asimamie. Aliyechoka aajiri mtu. Lakini unapokabidhi funguo, kabidhi na unayoyajua, hata yale unayoyaona madogo. Na dalali yeyote akikukataza kuonana na wapangaji wako, mkatalie hapo hapo. Kodi inaweza kukufikia kwa simu kila mwezi bila kukosa, huku ukuta unamwinamia mtoto wa mtu. Nenda ukapige hodi.