Karibu, Mayala

Mashimba ni mume wa dada yangu, na sijawahi kumheshimu. Ni fundi wa kompyuta asiyesalimia wazee, anayemwita mshamba kila asiyejua kuandika programu. Ndiye aliyewatengenezea wauza samaki wa Igogo mfumo wa kuagizia barafu kwa simu. Ukiingia, unakusalimia kwa jina lako.

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Jua kali, dagaa wameanikwa, wanawake wanapiga soga. Asubuhi Mashimba alikuwa ameizima seva, kompyuta inayouendesha mfumo huo, na kuiwasha upya. Mchana Getruda, jirani yangu, akafungua simu aagize barafu.

"Karibu, Mayala."

Getruda aliitupa simu juu ya dagaa. Mwenzake akafungua ya kwake. Karibu, Mayala. Kila simu iliyofunguliwa, jina lilelile.

Mayala alizama karibu na Kigongo kabla ya masika. Mwili ulipatikana, tukamzika. Simu yake ilibaki ziwani.

Hakuna aliyepiga kelele. Waligeuka tu, mmoja mmoja, wakamtazama Odeta, mjane wake.

"Kamfuga," mtu akanong'ona. "Kamfanya msukule."

Nikampigia Mashimba. Alicheka.

"Shemeji, hilo ni kosa la programu. Mchawi gani anajua kuandika Python?"

Akanieleza kwa madaha. Alikuwa ameweka kitu kimoja tu cha kutunza jina la mtumiaji. Kinaundwa mara moja seva ikiwaka, kisha kinatumiwa na watu wote. Wa kwanza kuingia huacha jina lake humo. Wanaofuata hulikuta hilohilo.

"Basi njoo uwaambie. Watamuua mama wa watu."

"Nije niseme nimekosea? Mbele ya wauza dagaa?"

Hakuja. Alikaa ofisini akirekebisha kazi yake, huku watu wakivunja mlango wa Odeta. Nilimtoa kwa mlango wa uani, kitenge kimechanika, sikio linavuja damu. Nikampeleka kwa dada yake, Usagara.

Niliporudi nilipitia ofisini, nikamkuta Mashimba anajipongeza. Ameshatenganisha, kila anayeingia sasa ana nafasi yake, anasalimiwa kwa jina lake mwenyewe.

"Nimeumaliza uchawi wenu," akasema.

"Ulisema linabaki jina la wa kwanza kuingia. Leo aliyetangulia ni nani?"

Akafungua kumbukumbu za seva.

Mayala. Nywila sahihi. Simu ileile aliyojisajili nayo akiwa hai.

Akaifuta akaunti. Akazima seva. Akaiwasha. Tukatazama sehemu inayoonyesha walioingia.

Walio ndani: mmoja.

Jina: hakuna.

Si mimi. Si yeye. Tulikuwa hatujagusa kitu.

"Shemeji," akanong'ona, "usimwambie mtu."

Hata hapo alichokiogopa kuliko vyote ni kuchekwa. Mpaka leo hajakanyaga Igogo kusema kwamba Odeta hana hatia. Nimesema mimi, hawanisikii, na yule mama bado yuko Usagara, haonekani sokoni. Mashimba aliiacha kazi ile kimyakimya. Kazi hiyo akapewa binti mmoja anaitwa Maulida, ambaye hajui lolote kuhusu Mayala. Aliufuta mfumo wote na kuuandika upya kwenye mashine nyingine.

Juzi Maulida alinivuta pembeni. Akataka kujua ni nani huyo ambaye, kila akiiwasha seva, anamkuta ameshaingia.